Mmoja Achore, Mwingine Atoboe

Mwanangu, kuna siku moja ambayo huikumbuka kila ninapomwona kijana ameinamia mashua ya rimoti akiwa ameshika drili, na leo kijana huyo ni wewe. Hebu iweke chini kwanza, haitakimbia. Mashua yako ni nzuri, faiba yake imetoka laini, na hizo mota mbili ulizoagiza Nairobi zina nguvu kuliko zote nilizowahi kuzifunga ujanani. Sina wasiwasi na mikono yako. Ila ukishatoboa umetoboa, na tundu la drili halina kifutio. Kaa hapo nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nilitoka Kegonga, kwetu milimani Ukuria, na cheti changu cha ufundi, nikaja Homa Bay, kando ya ziwa, kukaa kwa shangazi yangu. Baba alikuwa amekubali shingo upande. Nikipata kazi katika gereji ya Mzee Ogola, fundi wa injini za boti za wavuvi, nibaki. Nisipopata kabla ya likizo ya Agosti kuisha, nirudi nyumbani tupalilie tumbaku. Simlaumu baba, kwa maana tumbaku hiyo ndiyo iliyonisomesha. Lakini mimi nilikwisha kuzipenda injini.

Nafasi ilikuwa moja tu. Mzee Ogola hakusoma vyeti vyetu. Alivipanga vizuri mezani, akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Kisha akatugawa wawili wawili. Kila jozi ilipewa bodi ya mashua ndogo ya mashindano, mota mbili za umeme, betri na rimoti. Tufunge wenyewe, kisha tushindane ziwani, naye ajue atamchukua nani. Alisema anayeweza kufunga propela ya mashua inayobebwa kwapani, hiyo ya wavuvi atafundishika.

Mwenzangu alikuwa Ouma, kijana wa pale pale ufukweni, mrefu, mcheshi, mwenye mikono myepesi. Mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na kazi ile aliitaka kama nilivyoitaka mimi. Tulipendana kama ndugu na tuligombana vivyo hivyo.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake, nawe leo utaifuata ukitaka usitake. Anayechora alama siye anayetoboa. Mmoja hupima na kuchora kwa kalamu, kisha mwingine huchukua drili, lakini kabla ya kutoboa ni lazima aulize, "Kwa nini hapa?" Asipopata jibu, hatoboi. Hata Mzee mwenyewe alipofunga injini ya boti kubwa alimwita mtu aje amuulize, na mara nyingine alijikuta akifuta alama yake huku akijicheka.

Mimi ndiye niliyepewa kalamu. Unajua kazi yenyewe. Kila mota inazungusha chuma chembamba kinachotokea nyuma, na chuma hicho kinashikwa na mguu wa propela uliofungwa kwa skrubu kwenye ubao wa nyuma wa mashua. Miguu yote miwili ilingane, propela zizunguke kinyume, moja kulia na nyingine kushoto, la sivyo mashua itavuta upande mmoja kama ng'ombe mkaidi. Hayo hayakutusumbua. Kilichotusumbua ni kimo. Ukiupandisha mguu juu, propela inagusa maji kwa nusu tu na mashua inapaa kwa spidi. Ukiushusha, inashika maji zaidi, lakini inakuwa nzito.

Nilichora chini. Chini kiasi cha nusu ya unene wa kidole kuliko wenzetu wote.

Ouma akaja na drili yake, akainama, akatazama, akapiga mluzi. "Wewe Boke, kwa nini hapa? Hii si itatembea kama kobe? Mimi nilifunga juu ile siku ya bwawa la samaki kule Asumbi, na hakuna mtu alinishika."

Kabla sijajibu, vijana wa meza nyingine wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Watu wa mlima wamekuja kutufundisha maji!" Mwingine akauliza kama Kegonga tunazo mashua za kulimia tumbaku. Yalikuwa maneno ya mzaha, na mimi mwenyewe ningecheka siku nyingine. Lakini siku hiyo yaliniingia. Nilimsogezea Ouma kalamu nikamwambia, "Basi chora unavyotaka, nyinyi ndio wenyeji."

Mzee Ogola alikuwa pembeni akijisugua grisi mikononi kwa petroli. Akaacha kusugua.

"Nyar Kuria," akaita. Ndivyo alivyoniita, yaani binti wa Kuria. "Hii alama ni ya nani?"

"Ilikuwa yangu, Mzee."

"Ilikuwa? Na sasa ni ya nani?"

Nikaitazama kalamu. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

"Sikiliza. Mimi siulizi nani ako sawa, hiyo ziwa itasema yenyewe. Ouma amekuuliza kwa nini, na hiyo ndiyo kazi yake. Hakukutukana. Wewe umeulizwa mara moja tu umetupa kalamu. Sasa mvuvi akikuuliza kwa nini umefunga injini yake hivi, utamtupia kalamu pia? Huyo mtu anaenda na hiyo boti kwa maji. Kama hujui, sema hujui, hakuna mtu atakula wewe. Kama unajua, jibu."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi, na wengine walikuwa na sauti kubwa kuliko Mzee Ogola. Ni yeye tu aliyenikemea nikajisikia mkubwa. Niliichukua tena kalamu, nikajibu.

Nikawaambia kwamba wao wote hujaribu mashua zao asubuhi kabla ya kazi, na asubuhi ziwa limetulia, sahani yaweza kuelea. Bwawa la Asumbi nalo halina wimbi. Lakini mashindano yaliwekwa Jumapili alasiri. Ilikuwa ni lazima iwe alasiri, kwa sababu Jumamosi Wasabato hawafanyi kazi, na Jumapili asubuhi Wakatoliki wako misani. Shangazi yangu ni Msabato, na kila Jumamosi baada ya kanisa tulitembea naye hadi ufukweni. Nilikuwa nimeona kinachotokea saa hizo. Upepo hugeuka ukatoka ziwani, na nje ya gati maji huanza kurukaruka. Mashua iliyofungwa juu itaruka nayo, propela zitazunguka hewani, nayo itakosa cha kukanyaga.

"Mimi siyajui maji kuliko nyinyi," nikamaliza. "Najua saa."

Hakuna aliyecheka. Ouma alijikuna kichwa. Akaniangalia, akaangalia alama. "Sawa, nimesikia. Lakini hii kitu ikishindwa, tundu si yangu."

"Ni langu," nikasema. Nilisema kwa sauti iliyofika hadi kwa muuza mandazi nje. Ouma akatoboa pale pale nilipochora, bila kupotoka hata kidogo, ingawa moyoni hakukubaliana nami. Heshima ile sijaisahau.

Jumapili ikafika. Ufukwe ulijaa watu waliotoka kanisani na nguo zao nzuri, watoto juu ya mabega. Rimoti alishika Ouma, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Mashua zilipoanza karibu na gati, ambapo maji yamekingwa, yetu ilibaki nyuma kabisa. Nilisikia mtu akiimba, "Tumbaku! Tumbaku!" Nilishika ncha ya leso yangu nikaiuma. Kwa muda ule nilijiona tayari niko shambani na jembe.

Kisha zikatoka nje ya gati, na upepo ukazipokea.

Ya kwanza iliruka, mota ikalia kwa sauti nyembamba ya kupigia hewa, ikageuka tumbo juu. Ya pili ikafuata. Nyingine ilikuwa ikidunda mahali pamoja kama chura, kelele nyingi na safari hakuna. Yetu, ile nzito, iliinama puani kidogo, ikashika maji, ikaenda. Ikazunguka boya, ikarudi, na Ouma alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeshukiwa na roho. Tulikuwa wa kwanza. Tulikumbatiana tukaanguka mchangani.

Mzee Ogola akaja taratibu, akaiinua mashua kutoka majini, akaigeuza, akaweka kidole kwenye skrubu za nyuma. Watu walimzunguka. Akauliza, "Hizi tundu ni za nani?"

Elewa vizuri kilichokuwa kikishindaniwa hapo. Kazi ilikuwa moja. Aliyeshika rimoti alikuwa Ouma, aliyetoboa alikuwa Ouma, na umati mzima ulikuwa ukiimba jina la Ouma. Angenyamaza tu, kazi ingekuwa yake, na mimi ningekuwa ndani ya gari la kwenda Kegonga.

Ouma akafuta mchanga usoni. "Ni za Boke, Mzee. Alama ni yake na sababu ni yake. Mimi nilitoboa tu, na hata sikuwa nimeamini."

Nililia, mwanangu. Sioni haya kukuambia. Nilipata kazi, na Ouma akarudi kwenye boti ya mjomba wake, na jambo hilo liliniuma katikati ya furaha yangu. Baadaye alifungua gereji yake mwenyewe kule Mbita. Wateja wake wanamwamini hata akiwaambia injini haifai kutengenezwa, na sishangai. Mpaka leo akikwama hunipigia simu, na mimi nikikwama humpigia yeye, na neno la kwanza la kila mmoja wetu ni, "Kwa nini hapo?"

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiulizwa sababu ya kazi yako, usinune, na usikimbie. Anayekuuliza kabla ya tundu anakusaidia kuliko anayekucheka baada yake. Ukiwa na sababu, isimamie hata kama mji mzima unacheka. Ukiwa huna, futa alama uanze tena. Na siku utakayoshika rimoti watu wakiimba jina lako, kumbuka aliyechora, umtaje kwa sauti.

Mungu akupe jicho la kuona saa na maji yake, akupe ulimi usioogopa kujibu, na akupe rafiki kama Ouma. Akikupa hayo, ya spidi utajitafutia mwenyewe.

Haya, chukua kalamu. Drili nipe mimi. Chora, kisha unieleze kwa nini hapo.