Ziwa chini ya mlima wa theluji

Miezi michache iliyopita nilikunywa chai katika hoteli moja ya Kaloleni na rafiki yangu wa Malindi, mhakiki wa sanaa gazetini. Aliutazama mchoro wa ukutani, akabetua midomo.

"Viboko ziwani, chini ya mlima wa theluji? Hapo ni wapi? Huyu mchoraji hata ramani haijui!"

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, akashusha kikombe. "Kijana, hilo ziwa ni kwetu. Mlima ni kwao mwenye hoteli. Hapa kila mteja aliomba achorewe kwao."

Rafiki yangu akautazama tena mchoro. Kisha akauliza polepole, "Na mnazi, hakuna aliyeomba?"

Mnazi sasa upo. Gazetini bado anawaponda wachoraji wa hoteli, lakini chai anainywa palepale, akiutazama.