Waliojiandikisha Kujitoa

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, tunamwita Kengele, maana tangu utotoni akianza kuita watu hanyamazi mpaka waitike. Yeye ni msimamizi wa wanaojitolea katika shirika dogo linalokarabati viti vya magurudumu vilivyochakaa na kuwapa wasioweza kutembea. Hao watu wake hawalipwi, kwa hiyo hawezi kuwatisha na lolote. Anawashika kwa mdomo mtamu tu, na mdomo huo kaurithi kwangu, msibishe.

Siku moja vililetwa viti thelathini kwa mpigo. Mkurugenzi, mama asiyecheka hata akitekenywa, akamwambia, "Jumamosi viwe tayari. Watu wakikosekana, Jumatatu naifunga karakana." Na watu walikuwa wakipungua kila wiki.

"Mjomba, nibandikie tangazo mlangoni kwa ndani," Kengele akaniomba. "Wanaojitolea Jumamosi waandike majina."

Shule mimi niliiaga mapema, lakini mwandiko wangu hata makarani wanauonea wivu. Nikaandika kwa wino mzito, herufi kama matofali: WANAOJITOA JUMAMOSI WAANDIKE MAJINA HAPA. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikajipongeza.

Alhamisi yakawa yamejaa majina saba, nikamwita Kengele. "Njoo uone kazi ya mjomba wako!"

Akasoma. Akasoma tena. "Mjomba, 'le' umeipeleka wapi?"

"Le gani?"

"Kujito-le-a! Hapa umewaambia wanaoondoka wajiandikishe. Hawa saba wameaga!"

Kweli, chini kabisa mtu kaandika, "Asanteni kwa kutupa nafasi ya kuaga."

Nikashauri tuichane ile karatasi, tusingizie upepo. Kengele akanitazama mpaka nikaona haya, jambo lisilonipata mara nyingi. "Upepo ndani ya nyumba, mjomba? Hawa wangeyeyuka kimyakimya. Sasa angalau nawajua."

Akashika simu, akawapigia mmoja mmoja, swali lilelile: "Nini kilikuchosha?" Kisha akanyamaza kusikiliza. Kengele, kunyamaza!

Fundi cherehani mstaafu hakumung'unya maneno. "Mwanangu, nimeshona makoti miaka arobaini. Kwenu nikapewa ufagio. Ufagio si ninao nyumbani?"

Fundi baiskeli alikuwa amewekwa mapokezi, anaandika majina ya wageni. Mwalimu mmoja alisema amesugua viti miezi mitatu na hajamwona hata mtu mmoja aliyekikalia kimojawapo.

Kengele hakubishana. Aliwaomba radhi, akabadilisha kazi usiku huohuo, akamwalika na bwana mmoja aliyepata kiti chetu mwaka jana.

Jumamosi wakaja sita. Wa saba alikataa katakata, naye akashukuriwa vizuri. Fundi cherehani alishona vikalio vya viti huku akiimba. Fundi baiskeli alinyoosha magurudumu yaliyopinda kama maandazi. Yule bwana mwalikwa akajisukuma hadi kwa mwalimu akilalamika, "Hiki changu kinalia kama paka, nani alikisugua?" Mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi.

Saa kumi jioni Mkurugenzi akakalia kiti cha thelathini kukijaribu, akazunguka nacho mara mbili. Alicheka. Anakana, lakini nilimwona.

Karakana ipo hadi leo, na Kengele amekataa kuliondoa tangazo langu. Anasema linamletea habari asizozipata popote. Nami nawaambia watu niliandika vile makusudi.

Na ule ufagio? Niulizeni mimi, ndimi ninayeushika sasa.