Jina la Mwalimu Kassim Kwenye Ramani ya Toleo

Usiku ule nililala na swali lililonisumbua wiki nzima: Ijumaa tutoe toleo jipya, au niahirishe kwa mara ya nne?

Sisi ni kikundi cha watu wanaojitolea kutengeneza mfumo endeshi wa chanzo huria, ambao yeyote anaweza kuutumia na kuurekebisha bure, kwa kompyuta kuukuu za shule. Kupanga matoleo niliachiwa mimi baada ya kufariki Mwalimu Kassim, aliyenifundisha chuoni. Desturi yetu, kila sehemu ya mfumo ina jina la mtu kwenye ramani ya kazi, na toleo halitoki mpaka kila mwenye jina aseme, "Yangu tayari." Sehemu ya printa ilikuwa bado na jina la Mwalimu. Niliona nikilifuta nitakuwa nimemzika mara ya pili. Shule zilisubiri. Wenzangu wawili walishachoka, wakajitoa.

Ndotoni nikamkuta Mwalimu kwenye maabara ya chuo, ila madirisha yalikuwa ya nyumbani kwetu. Amevaa sweta lake la kijivu, anafuta vumbi kwenye kibodi kwa leso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hivi Neema, mnanipangia kazi mpaka huku?"

Nikacheka, kisha nikaona haya. Ramani yetu yote iko ukutani kwa chaki, jina lake katikati.

"Najaribu kuimalizia printa kama ambavyo ungeimaliza wewe. Nimeshindwa. Tukitoa hivi hivi watasema..."

"Watasema printa haifanyi kazi. Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi waambie wewe kwanza."

Tunatembea kwenye korido, na korido inakuwa jiko la mama, uji unachemka, hakuna anayeukoroga. Mwalimu anavuta kigoda, anakaa.

"Toleo langu la kwanza halikutoa sauti hata kidogo. Ukaniambia mbele ya darasa, 'Mwalimu, mfumo wako bubu.' Wiki mbili baadaye ukaniletea sauti. Ningesubiri mpaka nikamilishe kila kitu, wewe ungeingilia wapi?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka yote nilidhani nilimsaidia. Kumbe alinipa nafasi. Nataka kumwambia asante; kabla sijalitamka neno, anaitikia kwa kichwa kana kwamba amelisikia.

"Nifute, mwanangu. Nimepumzika."

Nikaamka, kumekucha. Nilisema asante kwa sauti, chumba kikiwa kitupu, kisha nikafungua kompyuta kabla sijapata muda wa kuanza kuwaza upya. Nikalifuta jina lake kwenye ramani. Printa nikaisogeza hadi toleo lijalo, nafasi ya jina nikaiacha wazi. Kwenye maelezo ya toleo nikaandika: "Printa bado haifanyi kazi. Anayeweza kusaidia, karibu."

Zawadi, aliyejiunga nasi juzi tu, akajibu: "Sijui mengi kuhusu printa, ila ninayo moja hapa nyumbani."

Nikaliandika jina lake. Ijumaa saa nne asubuhi, toleo nikalitoa.