Fundi Makufuli na Jiko Lililofungwa

Saa mbili asubuhi, fundi makufuli ameshapiga goti mbele ya mlango wa mtu. Mama mwenye nyumba, aliyejifungia nje akiwa na ndala za kuogea, anamchungulia begani.

"Fundi, fanya haraka, nimeacha sufuria jikoni!"

"Mama, ukinipumulia shingoni hivyo tutaungua wote."

Anazungusha waya, kitasa kinalia ka! Mama anaingia mbio, hata asante hakuna. Fundi anacheka na kukusanya vifaa vyake.

Wateja humwita Mzee Kitasa, ingawa uzee bado uko mbali. Hujisifu kwamba hakuna kufuli lililowahi kumshinda. Leo, nikiwa naye kazini, anajirekebisha: "Lipo moja. Nililifunga jikoni kwangu."

Lilikuwa la kumzuia bintiye, kitinda mimba, ambaye sasa ana miaka minane. Tangu akiwa mchanga alinyonya na kulia, akanyonya tena na kulia tena. Alipofika miaka minne alikuwa mzito kuliko kaka yake mkubwa. Alikula makombo, alikula hata unga mbichi.

"Nilimkuta na unga mdomo mzima," anasema fundi. "Uchungu niliousikia, we acha tu."

Ndipo akaweka kufuli. Lakini mtoto wa fundi ni mtoto wa fundi: alichukua pini ya nywele ya mama yake, akalifungua.

"Nilikasirika, nikacheka, halafu nikalia. Kazi safi kabisa, hata mkwaruzo hakuna!"

Majirani walisema wanamlisha kupita kiasi. Shangazi mtu akasema ni ulafi, achapwe. Ila kilichowanyima wazazi raha ni maradhi. Masikio yalitoa usaha, kifua kilibana, na kila mafua yaliishia kwenye kitanda cha wodi. Mara moja nimonia nusura imchukue. Mtoto mnene vile, watu walishangaa, anauguaje kama aliyekosa chakula?

Daktari wa watoto alilichukua swali hilo kwa uzito, akaagiza vipimo. Mafuta ya mwilini, aliwaeleza, si akiba tu. Hutengeneza homoni iitwayo leptini, inayosafiri kwenye damu na kuuarifu ubongo kwamba chakula kipo. Homoni hiyohiyo huziamsha chembe za kinga, ziongezeke na kupambana na vijidudu. Binti huyu alizaliwa na hitilafu ya kurithi, mafuta yake hayaitengenezi. Basi ubongo wake uliamini kuna njaa, na chembe zake za kinga zikawa chache na legelege, kama za mtu anayeshinda na njaa.

"Yaani mwanangu alikuwa na njaa ya kweli," anasema fundi. Anapangusa bisibisi ambayo tayari ni safi. "Na mimi babake nikamfungia."

Alianza kuchomwa sindano ya homoni hiyo kila siku, chini ya ngozi. Haukupita muda, wakiwa mezani, akaisukuma sahani yenye chakula. "Mama, nimeshiba."

Mama yake alimshika paji la uso. Baba alivaa viatu. Walimkimbiza hospitali!

"Daktari akauliza, ana nini? Mke wangu akasema, 'Jamani daktari, mwanangu amekataa kula!' Yule daktari alicheka mpaka akavua miwani. Na sisi ndiyo tukaelewa, tukacheka huku machozi yanatutoka."

Msimu wa mvua uliofuata mafua yalikuja, yakaondoka kama mafua. Wodini hakulala.

Bado hofu ipo. Dawa hutoka mbali, kwa mpango maalumu wa hospitali, na daktari ameomba mpango huo uwe wa kudumu. Jibu halijaja. Kufuli lile limo kwenye sanduku la vifaa, chini kabisa.

Mchana binti anapita kwenye kibanda cha kazi cha baba yake akitoka shule. Anapekua sanduku, analiona, anachomoa pini kichwani, na kufuli linaachia.

"Baba, hili bovu. Mbona hulitupi?"

"Nitalitupa, mama."

Akishaondoka namuuliza fundi: na dawa ikikosekana?

"Silifungi tena," anajibu. "Nitakaa naye humohumo jikoni, tushinde wote na hiyo njaa yake, mpaka dawa ije."

Kisha analiokota kufuli na kulitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.