Mstari wa Kahawa Ambao Cucu Hakuusugua

Juzi nilikuwa nasugua mashina ya kahawa yetu hapa Manyatta na gunzi la mahindi, na ile harufu ya gome kavu ikanirudisha nyuma kabisa, mpaka nikawa tena mtoto wa darasa la pili mwenye mguu mmoja.

Nasema mmoja kwa sababu ule mwingine nilikuwa nimeukataa. Nilivunjika nikiruka kutoka kwa mparachichi, nikafungwa plasta ya hospitali, na ilipotolewa nikaona kamguu kembamba, kamepauka, nikasema hako si kangu. Daktari alisema mfupa umeshika, nikanyage tu. Sikukanyaga. Mama alinibembeleza mpaka akachoka. Nilimsikia akimuuliza Cucu, nyanya yangu, kama nitakaa hivyo milele, na hapo nikaogopa zaidi.

Cucu hakuwa wa kubembeleza. Kila asubuhi alinibeba mgongoni, akaniweka kwa stuli mbele ya mstari wa kahawa nzee, yeye akaenda kusugua mashina. Ukiacha gome limelegea, wadudu wanataga mayai chini yake na kutoboa shina, na Cucu alijulikana huku kwetu kwa kurudia shina moja hata mara mbili. Lakini ule mstari wangu hakuugusa.

"Cucu, huu umesahau ama ni macho?" jirani yetu Mama Wanja alimchokoza kutoka kwa ua.

"Macho iko sawa. Chunga kahawa yako."

Kwa mstari huo alikuja ndege mdogo wa madoadoa, rangi ya gome lenyewe, mdomo umepinda kidogo kama sindano ya kushona gunia. Alianza chini kabisa, akapanda akizunguka shina na kuchokoa nyufa. Akifika juu, anashuka kwa mti unaofuata na kuanza chini tena. Akipotea nyuma ya shina, nilikuwa nangoja atokee upande ule mwingine. Mimi sijui kungoja, hata leo. Siku moja alikawia huko nyuma, nikainuka nikaenda kumuona.

Nilikuwa nimeshika shina la kahawa, miguu yote miwili chini, ndipo nikakumbuka. Nikageuka. Cucu alikuwa anasugua shina ambalo lilishang'aa zamani, macho chini.

"Amekula?" akaniuliza.

"Amekula."

"Basi rudi kwa stuli. Na hiyo miguu yako."

Miaka yote niliamini alisahau ule mstari. Ni juzi tu, gunzi mkononi, nilipoelewa kwamba shina lililosuguliwa halina chakula cha yule ndege, hawezi kutua hapo. Mwaka ule wadudu waliingia kwa kahawa za mstari wangu. Cucu alikata mashina, akachoma.

Siku hizi yeye ndiye anakaa kwa stuli, magoti yamekataa. Nimesugua shamba lote isipokuwa mstari ulio mbele yake. Mama Wanja ameshaniuliza kama ni macho.