Uzi Uliokuwa Ukipumua

Mdogo wangu, ambaye kazini walimwita Mama Pini, nimemlea mimi baada ya mama yetu kututoka, kwa hiyo asije mtu akanisahihisha habari zake. Alikuwa mbishi. Watu huniuliza ubishi ule aliupata wapi. Nawaambia, mtoto hurithi kwa aliyemlea, na wasiponielewa basi tena.

Alifanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Maji ya mto huingia pale yakiwa na rangi ya tope na kutoka yakiwa hayana rangi yoyote. Zamani yalichujwa kwa mchanga. Siku hizi ni nyuzi za plastiki, nyeupe, nyembamba kama tambi, na kila uzi una tundu katikati kama mrija. Zimefungwa maelfu kwa maelfu ndani ya nguzo ndefu kupita mtu. Maji hujipenyeza kwenye ukuta wa uzi na kuingia ndani, uchafu ukabaki nje. Ila uzi mmoja ukichanika, uchafu hupita humo bila kupiga hodi.

Jina lake lilitokana na hapo. Siku ya kupima hufunga maji, wakafungua kifuniko cha nguzo, na midomo ya nyuzi zote ikaonekana kama sega la nyuki lililofunikwa na maji kidogo. Kisha husukuma hewa kutoka ubavuni. Uzi mzima hukaa kimya. Uliochanika hutoa mapovu. Mdogo wangu alichukua pini ya plastiki, akaipaka gundi, akaigongomea kwenye mdomo wa uzi ule. Uzi umekufa, nguzo imepona. Hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo, na mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha sifa zake.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa mzaha. Alimwita "mzika nyuzi wangu". Figo zilipomharibikia, na kuvu ikamwingia kwenye damu, hospitali walitaka kumfunga kwenye mashine ya figo. Alikataa.

"Damu yangu itoke nje, itembee, halafu irudi? Na ikipotea njia, shemeji?" aliniuliza mimi, nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda.

Mama Pini akacheka. "Chujio la mashine ile ni nyuzi, kama zangu. Nazijua tangu ujana wangu. Nakwambia mimi mkeo, hazina hiana. Kubali."

Akakubali. Si kwa neno la daktari. Kwa neno la mkewe.

Walimtia dawa ya kuvu kwenye mshipa kila siku, na kila siku kuvu ikazidi. Mwishoni alipumua kwa namna yake: pumzi mbili fupi, moja ndefu, kisha kimya mpaka mnatazamana. Halafu tena. Mbili fupi, moja ndefu. Siku moja ule ukimya haukukatika.

Matanga yalipokwisha, alikuja daktari mmoja, mwanamke wa makamo, anayechunguza dozi za dawa za kuvu. Alikaa ncha ya kiti kama mtu anayetarajia kufukuzwa.

"Mama, nimeona ni haki yako kujua," akasema. "Dozi ile ilihesabiwa kwa mwili wa mumeo. Sasa tunachunguza jambo lingine. Huenda nyuzi za chujio nazo zilikuwa zinainyonya dawa kabla haijafanya kazi. Hatuna hakika. Tunatafuta kiasi cha kuongeza kwa mgonjwa aliye kwenye mashine."

"Kwa hiyo dawa ya mume wangu ilibaki kwenye nyuzi."

"Huenda sehemu yake."

"Na hilo chujio liko wapi?"

"Liliteketezwa, mama. Ndivyo tunavyofanya."

Mama Pini akainuka, akafungua mlango, akausimamia mpaka daktari akatoka. Kisha akanigeukia. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada."

Tangu hapo alianza kwenda kazini hata siku zisizo zake. Chakula anakigusa tu. Ukimwongelesha, anainamisha kichwa upande kama anayesikiliza redio ya jirani. Nilimfokea. Kumfokea hakukusaidia, nami nikaendelea kumfokea.

Asubuhi moja msimamizi wake akaja kwangu, yule wanayemwita Bwana Geji kwa sababu haachi kuitazama geji ya presha hata ukimsalimia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Nguzo ya mwisho presha inashuka. Kila nikimwambia Mama Pini apime, ananiambia nzima. Hajawahi kunidanganya yule. Ila geji nayo haijawahi."

"Basi ziba mwenyewe, una mikono."

"Amekalia kifuniko, mama. Hashuki. Leo imebidi nifunge valvu kuu, maana maji ya nguzo zote hutokea bomba moja. Nikifungua, watu wa bondeni wanakunywa uchafu. Nikifunga, hawanywi kabisa, na hospitali iko huko huko bondeni. Wameshapiga simu. Nikiwaambia wakubwa, kazi hana. Nisipowaambia, atakayeugua yuko juu yangu."

Nikajifunga kanga nyingine kiunoni, nikaenda.

Nilimkuta amekaa juu ya nguzo, miguu inaning'inia, mwanamke mzima na mvi zake. Nyundo ndogo mapajani.

"Shuka hapo, kuku we."

"Panda wewe usikie, ndipo unitukane."

Nikapanda ile ngazi ya chuma. Goti langu moja lilinilaani kila kipandio. Akajisogeza pembeni, akaondoa kifuniko, akafungua hewa kidogo. Sega lote lilikaa kimya, jeupe. Kisha karibu na ukingo, kwenye uzi mmoja, povu. Povu. Halafu povu refu, la taratibu, lililopanda na kupasuka kwa sauti ya mtu anayeachia pumzi. Kisha kimya.

Nikamtazama. Akanitazama.

Povu. Povu. Na lile refu.

Mimi si mtu wa mashetani. Nimeosha maiti, nimelala nyumba zenye msiba, sijaona kitu. Lakini pumzi ile naijua.

"Umemsikia?"

Ningesema ni hewa tu. Sikuweza.

"Nimemsikia."

"Basi unaniambia nipige pini hapo? Mara ya kwanza alikufa kwa neno langu. Safari hii iwe kwa mkono wangu?"

"Mume wako amekwisha kufa, mdogo wangu."

"Na huyu ni nani?"

Nikashika ukingo wa nguzo. "Simjui ni nani," nikamwambia. "Ila bondeni nawajua. Wodi ile ile aliyolala yeye haina maji leo. Yule daktari uliyemfungulia mlango atoke anahangaika kutafuta kipimo ili mke wa mwingine asikae kama ulivyokaa. Wewe umeacha uzi wazi. Mwanamume yule alikuwa hata mbwa hamfungii mlango. Muulize yeye kama anataka wagonjwa wakose maji kwa ajili yake."

Kule chini Bwana Geji alikohoa, nikamwambia afunge mdomo.

Mama Pini akatoa pini mfukoni. Kumbe alikuwa nayo siku zote. Akaipaka gundi. Akainama mpaka midomo yake ikakaribia kugusa maji.

"Baba," akasema, "mimi ndiye niliyekwambia ukubali. Sikujua."

Akangoja. Fupi. Fupi. Akaiacha ile ndefu imalizike, yote, mpaka mwisho wake. Ndipo akapiga.

Maji yakatulia. Nikangoja pumzi nyingine, kama tulivyongoja pale kitandani, nayo haikuja. Mdogo wangu naye alikuwa akingoja, mkono wa nyundo ukiwa bado juu.

Tulifunga kifuniko, tukashuka. Bwana Geji akafungua valvu, akapiga kelele kwamba presha imesimama. Maji ya mwanzo wakayamwaga mtaroni. Kisha Mama Pini akafungua bomba dogo la kupimia, akajaza kikombe, akayainua kwenye mwanga, akanywa nusu. Nusu akanipa.

"Kunywa, dada."

Niliyashika mdomoni kwanza, natafuta ladha ya kitu, ya mtu, yoyote. Hayakuwa na ladha. Nikameza, naye akanitazama kooni mpaka yakapita.