Isale kwa Mkono wa Kulia

Wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu, alitamka neno lake mbele ya ukoo mzima tulipomaliza matanga, Jumamosi iliyotangulia Jumapili ya Matawi, mwaka 2023. Alisema kaka yake hakuuawa na presha, bali na vidonge vya hospitali nilivyomhimiza ameze. Nilikuwa nagawa kiburu, ndizi zetu zilizopikwa na maharage. Niliendelea kugawa.

Yeye alikuwa akiuza unga wa majani ya presha kule Pasua. Ulikuwa mchungu, wateja wakalalamika, naye akawafundisha kuuchemsha na magadi, kama tunavyopika mboga ya mnafu huku mlimani. Nilimwambia tulivyoonywa kliniki, kwamba magadi ni ndugu wa chumvi na mwenye presha ayaepuke. Alicheka. Mwanamke kama mimi, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na wajukuu, alisema, hawezi kukosa la kufundisha.

Mimi, kwa kuwa nami nina presha, nilimeza vidonge vyangu na kufanya mazoezi ya nguvu niliyoelekezwa: kuinuka kitini bila kujishikiza, kusukuma ukuta, kuinua chupa zilizojaa mchanga bila kubana pumzi. Siku moja alinikuta uani kwangu Masama nikiinua chupa hizo, na tangu hapo jina langu katika ukoo likawa Bondia.

Jumamosi ya kuamkia Pentekoste, mwaka 2024, alianguka jikoni kwake. Alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha, akinywa alichouza. Kiharusi kilimwachia ulimi mzito na mkono wa kulia uliolegea kama kitambaa cha kufutia vyombo. Nilikwenda kumtazama hospitalini nikiwa nimevaa kitenge kipya. Sikusikitika.

Wanawe walikuwa na kazi zao mjini, hapakuwa na wa kumsimamia mazoezi aliyoandikiwa, wakamleta kwangu. Alishuka garini na jani la isale. Kwetu Wachaga, anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Alilinyoosha kwa mkono wa kushoto.

"Kwa kushoto, wifi?" nilimuuliza. "Unalisha mbuzi?"

Nilimwambia siku atakapolitoa kwa mkono wa kulia nitalipokea, na kabla ya hapo asinisumbue. Kisha nikamwekea chupa ndogo ya mchanga katika kiganja kile kilichokufa, nikavifunga vidole vyake kwa vyangu.

Alilia asubuhi nyingi. Nilimkumbusha kwamba mabondia hawalii. Vidonge alivimeza mbele ya macho yangu, akinitukana kwa Kichaga, na kadiri matusi yalivyonyooka ndivyo nilivyojua ulimi unarudi.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, tuliporudi kutoka kanisani, alikata isale bichi kwenye ua wangu mwenyewe, akalibana kwa vidole vya kulia na kuliinua. Vidole vikaachia. Jani likaanguka miguuni pangu.

Sikuinama.

"Okota," nilisema.

Akashika kiti cha mazoezi, akashuka taratibu kama nilivyomfundisha, huku akipumua, akaliokota kwa mkono uleule, akanipa. Nikalipokea.

"Umeshiba sasa, Bondia?" aliniuliza, na kila neno lilitoka safi.

"Bado, wifi. Krismasi ukoo wote uliokusikia kwenye matanga utakuwa hapa, na ulimi wako umeshapona."